Dogo asihame kozi kwa tesiti moja

Mkuu, pole. Umesema dogo ni wa kwanza kufika chuo katika ukoo wenu, katoka shule ya kata, PCM (fizikia, kemia na hesabu) alifaulu vizuri, sasa tesiti ya kwanza ya kalkulasi kapata 9 kwa 30 na anataka kuhamia kozi isiyo na hesabu. Mimi nami nilikuwa wa kwanza kwetu, na baadaye nilisimamia semina za mwaka wa kwanza. Asihame kwanza.

Kidato cha sita alizoea mwalimu anayemjua kwa jina na pasti pepa zinazojirudia. Chuoni wanajaa ukumbi mzima, mada inaisha kwa wiki, na swali linataka uthibitishe, si kutoa jibu tu. Mtoto wa mhadhiri keshaambiwa haya nyumbani. Dogo hana wa kumwambia, anajifungia na madesa, anapiga msuli hadi alfajiri, na akifeli anaamini kichwa chake ndicho kibovu.

Miaka ya 1970 pale Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwanahisabati Uri Treisman aliwafuatilia wanafunzi wa kalkulasi. Wamarekani weusi wengi walikuwa na bidii lakini wakisoma peke yao. Wenzao wenye asili ya Kichina walikutana, wakabishana, wakasahihishana. Akaanzisha vikundi, na humo aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, si masomo ya kuwafidia "waliobaki nyuma". Matokeo yakapanda. Hilo la maswali magumu ndilo wengi hulisahau.

Kwa hiyo atafute wenzake watatu hivi. Kila mmoja ajaribu maswali peke yake kwanza, kisha wakutane kwenye darasa tupu lenye ubao, na anayeeleza asimame bila daftari. Wabishane kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza cha mtihani. Diskasheni ya watu kumi na tano ni kijiwe tu, mmoja anaongea na wengine wananakili.

Kwa mhadhiri aende pia. Vijana wetu wanadhani kubisha hodi ofisini ni kujidhalilisha au kujipendekeza. Asiseme "sijaelewa chochote". Apeleke karatasi aliyokwama, aoneshe mstari wenyewe. Nilipokuwa nasimamia semina, aliyekuja na karatasi ya namna hiyo nilimkalisha hata muda wangu ukiwa umeisha.

Wewe kaka mtu, ongea na wazee. Chuo hakuna "umekuwa wa ngapi", na bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, si mshahara wa kugawana. Wakati wa UE, mtihani wa mwisho wa muhula, msimpigie kuhusu mahindi wala ada za wadogo zake.

CA (alama za tesiti na kazi za muhula) ikiwa mbaya bado kuna UE, na sapu (mtihani wa marudio) si disko (kuondolewa chuo). Akimaliza mwaka bado anaichukia hesabu, sitambishia, ahame. Ila aulize kwanza ofisi ya udahili na Bodi ya Mikopo kama mkopo utamfuata huko anakokwenda.