Ukipewa mgeni jitolee, ukipewa viti dai posho

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama mwanafunzi anayejitolea bure kwenye matukio ya chuo anajijenga au anatumika tu. Najua wengi watajibu anatumika na siwalaumu hata kidogo, maana mi mwenyewe nishawahi kujitolea nyumbani kwenye mashindano flani ya mawazo ya biashara, chuo sikitaji, tukapewa fulana tukaambiwa hii ni fursa, tukapanga viti, tukapangua viti, tukabeba maji ya majaji, saa nane mchana waheshimiwa wanakula pilau sisi tunaambiwa "subirini kidogo vijana", na cheti kilipokuja jina limekosewa. Hicho ni kibarua, na kibarua ana ujira wake. Kama mlikuwa mnauliza kuhusu hicho basi nimeshajibu, mnatumika.

Ila kuna kujitolea kwingine ambako unakabidhiwa watu, wakipata shida wanakutafuta wewe kwa jina, na huko ndiko nataka kuongelea kwa sababu nilikufanya nikiwa nasoma Kanada na mpaka leo nikipewa tena nakubali.

Pale Montreal, Chuo Kikuu cha Concordia, shule yao ya biashara inayoitwa John Molson, kila Januari kuna mashindano ya kimataifa ya kesi za biashara kwa wanafunzi wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara. Yapo toka 1981, kwa miaka mingi yameleta timu 36 kutoka vyuo vya nchi kibao, na wanaoyaandaa ni wanafunzi wenyewe. Inavyoenda ni hivi, timu ya watu wanne inapewa maelezo ya kampuni yenye tatizo, wanafungiwa chumbani masaa matatu bila msaada wa nje, kocha wao haruhusiwi kuingia, halafu wanatoka na suti zao wanasimama mbele ya majaji ambao ni watu wa makampuni na kueleza kampuni ifanye nini, ipate wapi hela, ianze lini, na baada ya hapo maswali, na majaji wengine aisee wanauliza utadhani hela ni yao. Kesi moja inaletwa na kampuni yenyewe, mabosi wanakuja kabisa kueleza shida waliyonayo sasa hivi. Presha yake sio ya mchezo, watu wamejiandaa miezi.

Sasa kwenye mashindano ya aina hii wa kujitolea wapo wa kila namna, kuna wa kukaa mlangoni, kuna wa kuangalia saa na kuonyesha vikadi vya dakika zilizobaki, kuna wa kusambaza makaratasi, na kuna sisi tuliopewa wageni. Yeyote aliyewahi kukaa kamati ya mapokezi kwenye harusi ya kwao ataielewa hii kazi bila semina, ugeni wote ni wako, ukienda vizuri hakuna anayekuona, ukiharibika ukoo mzima unajua jina lako.

Timu yangu ilitoka Asia ya Kusini Mashariki, wanne na mwalimu wao. Kwao baridi wanaiona kwenye friji. Montreal mwezi wa kwanza usiku kufika hasi 15 sio habari ya kumpigia mtu simu, na jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mgeni anatua, anatoka nje, giza, pua inauma, na anakuangalia wewe kama vile ndio umeandaa hiyo hali. Tena kule kwao wako mbele kwa masaa kama 12 au 13, yaani usiku wao ndio mchana wa hapa, wanaamka saa tisa usiku macho makavu kabisa na saa nane mchana wanasinzia, na ratiba ya mashindano haina habari na usingizi wa mtu. Nilichokuwa nafanya ni kuwatoa nje mchana hata kwa nusu saa waone mwanga, wakinung'unika tunatembea hivyo hivyo, hatua fupi fupi unakanyaga na unyayo wote kwa sababu barafu ya kule inaweza kuwa nyembamba huioni, na mtu akiteguka mguu siku moja kabla ya raundi ya kwanza hapo umepoteza timu.

Baridi ikizidi tunapita chini. Katikati ya mji kuna njia za chini ya ardhi wanaziita RÉSO, zaidi ya kilomita 30, zinaunganisha metro (treni za chini ya ardhi), hoteli, maduka na ofisi, mtu anaweza kushinda huko bila kuvaa koti. Ila usipozizoea unapotea vizuri tu. Niliwapitisha njia yao ya kila siku mara mbili mpaka yule mdogo kuliko wote akawa anawaongoza wenzake, hapo nikajua kesho yake hata nikichelewa watafika.

Jambo lililonipa sifa kubwa kuliko yote lilikuwa pasi ya nguo. Nacheka lakini ni kweli. Plagi za kwao ni zile zile za kwetu za pini tatu bapa, kwa hiyo mi nilijua kabisa watakwama, Kanada ukutani ni matundu ya aina nyingine na umeme wenyewe ni volti 120 wakati kwao ni kama kwetu, 230. Sasa ukileta pasi ya 230 ukaichomeka na kiunganishi kwenye 120 inawaka taa, inakaa, inakudanganya, lakini inapata kama robo ya nguvu yake tu, haitoi hata kunyanzi la kola. Usiku kabla ya raundi ya kwanza nawakuta wamezunguka kipasi chao kama wanaombea mgonjwa, shati moja dakika ishirini na bado. Nikashuka mapokezi nikaomba pasi mbili za hoteli, shida ikaisha. Mwalimu wao ambaye toka afike alikuwa hajanisemesha zaidi ya salamu, asubuhi akaniita kwa jina.

Tena mzigo wa mmoja wao haukufika, dhoruba ilichelewesha ndege, begi lenye suti likabaki uwanja wa njiani. Na kwenye haya mashindano suti ni kama jezi. Hapo ndio unajua umuhimu wa kuwa na watu. Montreal wako Warundi na Wakongo wengi kwa sababu ya Kifaransa, na kwenye wa kujitolea kulikuwa na kaka mmoja wa Bujumbura ambaye mimi na yeye tulikuwa tunapiga Kiswahili kwenye korido bila wasiwasi, mwili wake na wa mgeni ni mmoja ila mikono ndio mifupi kidogo. Nikamwambia kaka nina shida ya suti, hakuuliza mara mbili, akatoa ile aliyokuja nayo toka nyumbani. Yule mgeni aliingia raundi ya kwanza na mikono ya koti inaishia juu ya kifundo, na akaongea vizuri kuliko wenzake wote.

Chakula nako usipite haraka. Wawili kwenye timu yangu walikuwa Waislamu, na kila anayefika Montreal anataka kula poutine, ambayo ni chipsi na vipande vya jibini vimemwagiwa mchuzi, mtu anaona chipsi anadhani hakuna nyama hapo, kumbe ule mchuzi kwa kawaida unatokana na supu ya nyama au kuku. Ukikaa kimya mgeni anakula halafu anakuja kujua baadaye, na hiyo sio adabu. Niliwatafutia sehemu ya halali, mji una Walebanoni na Wamoroko wa kutosha kwa hiyo haikuwa kazi, kazi ilikuwa kuuliza kabla.

Lakini kama mnataka kujua ugumu wenyewe uko wapi, ugumu uko kwenye mdomo. Wewe unaepita kwenye korido unasikia mambo. Timu mbili zinapewa kesi moja mbele ya majaji wale wale, moja inatangulia nyingine inasubiri, na inayosubiri haitakiwi kujua chochote kuhusu waliotangulia wala walichoulizwa. Na wewe umeshaipenda timu yako, mmekula pamoja, umewaona wanapiga pasi. Siku moja niko kwenye lifti naongea na yule kaka wa Bujumbura, kuna dada wa timu nyingine kabisa anasoma Ulaya lakini amekulia Nairobi, akageuka macho yamemtoka: "Wee! Kumbe mnaongea Kiswahili! Sasa niambieni, hao wa kwanza wameulizwa nini?" Nikamwambia, "Dada karibu sana, lakini hilo hata mama yangu akipiga simu sisemi." Akacheka, "Haya basi, nionyesheni tu choo." Alikuwa anatania nusu, ile nusu nyingine siijui. Na lile swali ukilijibu kwa Kiswahili kwenye lifti hakuna wa kukukamata, ndio maana nasema hii kazi ya kubeba wageni ina uzito ambao kazi ya viti haina, viti havikupi jaribu.

Timu yangu haikuvuka makundi. Timu nyingi haziivuki hatua hiyo, hesabu ndivyo ilivyo, ila hakuna anayekufundisha ufanye nini na watu wanne wamevaa suti wametoka mbali wameshindwa, na sherehe ya kufunga bado iko mbele na wanatakiwa waende wakapige makofi. Hotuba ya "mmejitahidi" niliitupa mapema. Niliwauliza nani ana njaa, tukapanda basi mpaka mtaa wa Saint-Viateur ambako kuna duka la bagel, vimikate vya duara vyenye tundu, wakati ule lilikuwa halilali masaa 24, wanavichemsha kwanza kwenye maji ya asali halafu vinaingia tanuri la kuni na ufuta juu, jamaa anavitoa na ubao mrefu mwembamba vinamwagika kwenye sinia vikiwa vya moto kiasi huwezi kushika. Tukasimama nje na mfuko wa karatasi. Vikiwa mdomoni ndio wakaanza, we ndio ulisema ile faida ya mwaka wa tatu, hapana slaidi ilikuwa yako, hapana nilikwambia toa ile namba, wakagombana kwa lugha yao nikabaki nimeshika mfuko, baadaye mmoja akacheka na wote wakafuata. Sherehe walienda.

Sasa faida. Watu wanapenda kusema koneksheni, utakutana na mabosi, utapata kazi. Mi sikupata kazi kwa jaji yeyote, na majaji wenyewe wanaingia wanatoka hawana muda na wewe, kwa hiyo anayekuuzia kujitolea kwa hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kilichonisaidia ni kwenye usaili, maana wale wa kazi wanapenda kuuliza eleza siku uliyokuwa na tatizo na muda hakuna, wenzangu wanaanza hadithi za kazi za kikundi darasani, mi nina begi lililobaki njiani na suti ya Mrundi. Na pia niliangalia kwa karibu watu wanavyofanya kazi ya akili wakiwa wamechoka, nani anagawa kazi, nani ananyamaza mpaka dakika ya mwisho ndio anasema kitu cha maana, hayo darasani huyaoni.

Kwa hiyo kwa waandaaji wa nyumbani, na sasa hivi vyuo vyetu vinakaribisha timu za nje mara kwa mara, ombi langu acheni kuwafanya wanafunzi wote wabeba viti. Viti walipeni vijana wa viti, au kama hela hakuna semeni hela hakuna, ila kila timu ya nje mpeni mwanafunzi mmoja mwenye jina, apewe namba ya mtu wa kamati ambaye simu inapokelewa, apewe na hela kidogo ya dharura, maana mgeni akiumwa tumbo saa nne usiku huwezi kumwambia mwanafunzi atoe mfukoni halafu aandike barua ya kurudishiwa. Sisi kukaribisha tunajua, mtoto wa Tanga au wa Lamu hafundishwi kumpokea mtu, anachokosa ni ruhusa ya kufanya maamuzi. Unakuta mgeni anaomba kubadilishiwa chumba, kijana anajua kabisa pa kumpeleka, lakini inabidi amsubiri mwenyekiti ambaye yuko kwenye kikao cha posho.

Na wewe mwanafunzi unayesoma hii na umewekewa fomu mbele, kabla hujaijaza waulize mgeni wangu ni nani, nitakula wapi na saa ngapi, na sherehe ikiisha saa sita usiku narudi hosteli na usafiri gani. Hilo la tatu wakikujibu kwa kucheka, irudishe fomu tupu.