Kupanga Warsaw: anza kutafuta kwenye maghorofa ya zamani

Ndugu mleta mada, umeuliza kama wewe na mkeo, mtakapokuja masomoni Warsaw, mpange katika maghorofa ya paneli za zege yaliyojengwa enzi za ujamaa, au mjibane mpate fleti mpya yenye geti na mlinzi, kwa kuwa mmeambiwa kwamba yale ya zamani ni makazi ya watu wa hali ya chini. Nimeishi kote kuwili, na ningekushauri uanze na ya zamani.

Hayo ya hali ya chini yapuuze. Ninapoishi sasa ni Ursynów, kusini mwa jiji. Mlango wa pili yupo daktari mstaafu, juu yangu dereva wa basi, na ghorofa ya chini wanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo kilicho jirani. Wakazi wa kwanza walihamia mtaa huu mwaka 1977, na wasanifu wake, wakiongozwa na Marek Budzyński, walikusudia shule, zahanati, maduka na viwanja vya watoto vifikike kwa miguu. Usafiri ndio uliochelewa, kwani treni ya chini ya ardhi ilianza mwaka 1995 tu, lakini leo inakufikisha katikati ya jiji bila foleni. Nilipokuwa kwenye fleti mpya huko Białołęka, ng'ambo ya mto Vistula, nilikuwa na geti zuri na basi lililokwama barabarani kila asubuhi.

Si kwamba maghorofa haya hayana kero. Kuta hupitisha sauti, hata jirani akitoboa ukuta kutundika picha utajua, ingawa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi watu hutarajiwa kutulia, na kwa kawaida hutulia. Majengo mengi mafupi hayana lifti. Nao huanza kuhesabu juu ya ghorofa ya chini kama sisi, kwa hiyo tangazo la ghorofa ya nne lisome ukikumbuka mabegi yako. Baridi isikutishe, maana mengi yameshavalishwa tabaka la kuzuia joto lisitoke, na maji ya moto ya kupasha vyumba huletwa kwa mabomba kutoka mitambo ya jiji.

Kwenye bei ndipo wageni wengi huteleza. Kodi inayotangazwa mara nyingi ni ile ya mwenye nyumba peke yake; juu yake huja czynsz, yaani malipo ya kila mwezi yanayokwenda kwa ushirika unaoendesha jengo, ambayo kwa kawaida hujumuisha taka pamoja na malipo ya awali ya maji na joto, kisha hesabu kamili hupigwa baadaye na unaweza kudaiwa nyongeza. Umeme hulipwa kando. Omba jumla yote kwa maandishi.

Wenye nyumba wengi pia hutaka mkataba unaoitwa najem okazjonalny, ambao unakulazimu kutamka mbele ya mthibitishaji wa nyaraka kwamba utahama mkataba ukiisha, na kutaja nyumba nyingine nchini Poland utakayohamia, kwa ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba hiyo. Kwa mgeni asiye na mwenyeji, sharti hilo huwa gumu kuliko kodi yenyewe, basi liulizie kabla hujatoa dhamana.