Mchezaji kiraka: niliyojifunza kwa Rajai Davis nikiwa mfanyakazi wa kuitwa

Wiki chache zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Columbus usiku. Ghala alilokuwa akifanyia kazi kupitia wakala lilikuwa limemwambia asirudi kesho yake. Ni la 3 tangu afike Marekani. Hakuvunja kitu, hakuchelewa hata siku moja. Msimu wa mizigo ulikwisha tu. Akaniambia, "Dada, mimi ni kiraka. Wakitoboka wananishona, wakipata nguo mpya wananitupa."

Nilimwacha aseme yote. Alipotulia nikamuuliza kama amewahi kumsikia Rajai Davis, mchezaji wa besiboli. Hajamsikia. Nikamweleza, na leo nakuelezeni na ninyi, maana najua wapo wengi wanaolala na maneno kama yale ya mdogo wangu.

Mimi nimekuwa mfanyakazi wa kuitwa hapa Cleveland kwa miaka mingi, kwenye nyumba za kulelea wazee. Simu inalia saa kumi na moja alfajiri: fulani hakuja, unaweza kufika? Unaamka, unakwenda. Nimezunguka nyumba 9. Katika mojawapo, mwaka 2016, nilipangiwa zamu za jioni kwa mzee mmoja wa miaka 79 aliyekuwa akiangalia besiboli kila siku Mungu aliyomjalia. Alikuwa na miaka 11 timu ya mji huu ilipochukua ubingwa mwaka 1948, na tangu hapo alikuwa akisubiri mwingine. Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo ule, na yeye ndiye aliyeninyooshea kidole kwenye runinga na kusema: mwangalie huyu, huyu ni mtu wa kazi kama wewe.

Davis alizaliwa mwaka 1980 kule Norwich, jimbo la Connecticut. Timu za ligi kuu zilipochagua vijana mwaka 2001, Pittsburgh walimchukua katika raundi ya 38. Nataka uisome namba hiyo polepole. Kabla yake yalikuwa yameshaitwa majina zaidi ya 1,000. Akatumikia ligi za chini miaka kadhaa, na alipocheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, Agosti 2006, alikuwa na miaka 25. Mwaka uliofuata wakampeleka San Francisco. San Francisco wakamwacha, Oakland wakamwokota. Kisha Toronto, Detroit, Cleveland, Oakland tena, Boston, Cleveland tena, na mwisho New York kwa Mets. Timu 8 katika miaka 14, na mbili kati ya hizo alizirudia.

Alichokuwa nacho ni miguu. Alicheza uwanja wa nje, kule nyuma ambako mpira uliopigwa mbali unapaswa kukimbiliwa, na akishafika kwenye besi ya kwanza, kati ya vituo 4 ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate pointi, kila mtu uwanjani alijua anataka kuiiba ya pili. Kuiba besi si wizi wa sheria. Ni sehemu ya mchezo. Besi moja na nyingine zimeachana kama mita 27. Mrushaji anapomtupia mpira mpigaji, wewe unachomoka. Mdakaji anaudaka na kuurusha besi ya pili ili uguswe nao kabla hujafika. Ukifika kabla ya mpira, umeiba. Davis aliiba besi 415 katika ligi kuu.

Hapa ndipo mzee wangu alipokuwa akizima sauti ya runinga ili nimsikilize vizuri. Mrushaji, tangu aanze kujongea mpaka mpira utue kwa mdakaji, hutumia kama sekunde 1.3. Mdakaji, tangu audake mpaka uwe umefika besi ya pili, kama sekunde 2. Jumla 3.3. Hakuna binadamu anayemaliza mita 27 kwa muda huo akitoka kusimama. Kwa hiyo mkimbiaji anasogea kwanza hatua kadhaa kutoka kwenye besi, huku akijua kwamba mrushaji anaweza kugeuka ghafla na kumnasa. Kinachobaki kimo kwenye macho. Mrushaji huyu, akitaka kumtupia mpigaji, kisigino chake kinafanya nini? Bega lake? Anashika pumzi kwa muda gani? Watu hudhani anayeibiwa ni mdakaji, kwa sababu ndiye anayeonekana akirusha. Mzee alisema anayeibiwa ni mrushaji, na anaibiwa saa nzima kabla, wakati mkimbiaji amekaa benchi akimtazama.

Neno hilo lilinigusa, kwa sababu muda mwingi wa mfanyakazi wa kuitwa ni wa kusugua benchi. Nilikuwa nikifika nyumba ngeni, nafanya niliyoambiwa, nakaa na simu mpaka zamu iishe. Tangu jioni ile niliacha. Nikipata dakika 20 nasoma mafaili ya wazee ninaohudumia. Nikikutana na wa zamu ya usiku namuuliza: nani hali, nani haogi, nani akishikwa mkono wa kulia anapiga kelele. Nikawa na daftari dogo lisilo na majina, lenye mambo tu.

Na humo ndimo nilimogundua mbio zangu. Kila nyumba ina wazee waliopoteza kumbukumbu ambao wanagoma kuoga, na wafanyakazi huwaogopa. Mimi niligundua kwamba wengi wao hawachukii maji. Wanaogopa baridi na kuvuliwa nguo na mtu wasiyemjua. Napasha taulo kwanza. Nampa moja aishike. Naanza na miguu, huku mabega yamefunikwa, na kichwa nakiacha mpaka mwisho au mpaka siku nyingine. Si jambo kubwa, na sina shahada ya uuguzi. Lakini baada ya mwaka mmoja, nyumba mbili zilikuwa zikimpigia wakala na kusema: tuletee yule dada wa kuogesha.

Ndiyo maana swali la kwanza nililomuuliza mdogo wangu lilikuwa hili: wakikosa watu kesho, ni jambo gani litakalowafanya walitaje jina lako? Akasema anafanya kazi kwa bidii. Nikamwambia bidii ni sharti la kuingia tu, wote waliobaki wana bidii. Davis hakuwa mpigaji wa kutisha, na aliyajua hayo. Lakini timu ikiwa na pengo la mtu mwenye kasi, jina lake lilikuwa halipiti orodhani bila kusomwa.

Ila tusidanganyane. Kuwa hodari hakukupi makao. Mwaka 2016 Cleveland walimpa mkataba wa mwaka 1 tu. Akiwa na miaka 35, umri ambao miguu ya wengi imeshachoka, aliiba besi 43 na kuongoza ligi nzima ya American, moja kati ya mbili zinazounda ligi kuu. Msimu ulipokwisha akaondoka kwenda Oakland, na Agosti iliyofuata Oakland wakampeleka Boston. Ndani ya mwaka 1 tangu aongoze ligi, timu 3! Mimi nililia sana mara ya kwanza nilipoambiwa nyumba fulani haitanihitaji tena, kwa sababu nilidhani kupendwa na wazee ni mkataba. Si mkataba. Mkataba ni ile karatasi. Isome yote, hasa mahali panaposema saa ngapi unahakikishiwa kwa wiki, na kama hapapo, jua huna saa hata moja. Miezi ambayo saa ni nyingi, weka akiba ya kodi ya nyumba kabla ya kutuma nyumbani. Najua ni maneno magumu kwa sisi tuliotumwa na ukoo mzima. Ukikosa kodi miezi miwili, nyumbani hawatapata kitu kabisa.

Sasa usiku wa tarehe 2 Novemba 2016. Fainali, mechi ya 7, ya mwisho, hapa hapa Cleveland dhidi ya Chicago Cubs waliokuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908. Zamu yangu iliisha saa tano usiku lakini nilibaki kwenye kiti kando ya kitanda cha mzee, sikulipwa saa zile na sikutaka kulipwa. Kipindi cha 8 kati ya 9 vya mchezo Cubs walikuwa mbele 6 kwa 3, na Cleveland walikuwa wameshatolewa watu 2. Akitolewa mmoja zaidi kipindi kimekwisha. Cubs wakamleta Aroldis Chapman, mrushaji ambaye mpira wake ulikuwa ukipita kilomita 160 kwa saa. Brandon Guyer wa Cleveland akaupiga mpira wake, ikawa 6 kwa 4. Akaja Davis.

Wiki zile hakuwa akipiga vizuri. Mzee akanishika mkono akasema, tazama mikono yake. Davis alikuwa amelishika gongo juu kabisa, mbali na kitako chake, kama mtu anayetaka kutumia nusu ya gongo tu. Ukishika juu unapoteza nguvu, lakini gongo linakuwa jepesi na linawahi. Alikuwa amekubali kwamba hawezi kushindana na kasi ile kwa nguvu zote, akapunguza alichonacho kilingane na kilichopo mbele yake. Akaupangusa mpira mmoja pembeni, na mwingine, na mwingine. Kisha akaupiga mmoja chini chini kushoto, ukapita juu ya ukuta. Mpira ukivuka ukuta, mpigaji na aliye kwenye besi wote wanahesabiwa pointi. Wakimbiaji wawili ndani, 6 kwa 6.

Sikuwahi kusikia jengo lile likipiga kelele, tena saa zile. Wazee waliokuwa wamelala waliamka. Mzee wangu hakupiga kelele. Alikuwa akilia tu huku amelishika blanketi.

Mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17. Kipindi cha 10, cha nyongeza, Cubs wakapata 2. Davis akapiga tena, Guyer akaingia, 8 kwa 7, lakini aliyefuata alitolewa na Cubs wakawa mabingwa. Kwa hiyo ndiyo, alishindwa. Na miaka hii yote nikiwa Cleveland, watu wakiitaja fainali ile, jina linaloanza kutajwa ni lake.

Baadaye mzee alinieleza na habari za Dave Roberts, mchezaji mwingine wa mbio, timu 5 katika misimu 10. Oktoba 2004 Boston walikuwa wamebakiza kipindi kimoja watolewe na New York Yankees. Roberts alikuwa amekaa benchi mechi nzima. Wakamwingiza akimbie tu. Mariano Rivera, aliyejua fika amekuja kufanya nini, akamtupia mpira besi ya kwanza mara 3 ili amtishe. Mpira wa kwanza aliomrushia mpigaji, Roberts akachomoka na kuiba ya pili. Boston wakasawazisha, wakashinda usiku ule, wakashinda mechi nyingine 3, wakaenda kuchukua ubingwa waliousubiri miaka 86. Huyo huyo Roberts ndiye kocha wa Los Angeles Dodgers waliochukua ubingwa mwaka 2020, 2024 na 2025. Maury Wills, gwiji wa kuiba besi wa zamani, alikuwa amemfundisha kwamba itafika siku uwanja mzima utajua kwamba unakwenda kuiba, na siku hiyo usiogope kwenda.

Mzee alifariki kabla ya mwaka 2019, kwa hiyo hili la mwisho nililiona peke yangu. Davis alikuwa na miaka 38, yuko ligi ya chini na timu ya Syracuse ambayo siku hiyo ilikuwa ugenini huko Pennsylvania. Tarehe 22 Mei Mets wakapata majeruhi, wakamwita New York. Akachukua Uber, kama saa 2 za barabarani, akafika mchezo umeshaanza. Kipindi cha 8 wakamwingiza kupiga badala ya mwingine. Mrushaji alikuwa Sean Doolittle, na mwaka 2014, akiwa Detroit, Davis alikuwa ameupiga mpira wa Doolittle huyo huyo ukatoka nje na kuingiza wakimbiaji 4 kwa mkupuo mechi ikiisha. Akaupiga tena nje ya ukuta. Pointi 3, mpigo wake wa kwanza kabisa akiwa na jezi ya Mets, na mabegi hata hayajafunguliwa.

Nilimwambia mdogo wangu: sare ifuliwe usiku huu, viatu vyenye chuma viwe mlangoni, simu isizimwe na chaji iwe imejaa. Mawakala wa maghala ya Columbus huanza kupiga saa kumi na nusu alfajiri, na wenye cheti cha kuendesha foklifti huitwa kwanza. Yeye hana cheti hicho, ingawa amekuwa akiwatazama wanaoiendesha kwa miezi 8 na anaijua kila wenzo. Mafunzo yanaanza Jumamosi. Ada nimeshamtumia.