Usiache kazi kabla hujaifuatilia tarakimu iliyokuangusha

Mleta mada, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke. Umeeleza kwamba ripoti yako ya vifo vya wodini ilikataliwa mbele ya uongozi wa hospitali, kwamba umeondolewa kwenye kamati ya takwimu, na kwamba mwisho wa mwezi unataka kuondoka ukasome ujifunzaji wa mashine, yaani kuifundisha kompyuta kutokana na data, huku ukiuliza uanze na lugha ya programu ya Python au R na namna ya kuvumilia aibu mbele ya wenzako. Wachangiaji walionitangulia wamekupongeza kwa ujasiri. Mimi sikupongezi, kwa sababu njia hiyo nimeipita mwenyewe na najua inakoishia.

Ripoti iliyoniangusha ilihusu wagonjwa wanaolazwa tena ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa, kipimo kinachoogopwa na hospitali nyingi, na ambacho nchini Marekani kimetumika tangu mwaka 2012 kupunguza malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali inayowahudumia hasa wazee, kwa hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita kiasi. Grafu zangu zilipendeza sana. Daktari bingwa mmoja akaomba aoneshwe wagonjwa wenyewe, akausoma mstari wa kwanza, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko tusi kwamba mgonjwa huyo hakuwa ametoka nje ya jengo hata siku moja. Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, maana ukichekwa na watu wenye makoti meupe huna jingine la kufanya.

Jambo la busara lingekuwa kumfuata yule daktari siku iliyofuata na kumwomba tuupitie mstari wa pili na wa tatu. Badala yake nilimlipa mshauri wa taaluma, bwana mwenye sauti nzuri ambaye nina hakika hajawahi kufunua rejesta ya wodi maishani mwake, naye akanifundisha kwamba ustahimilivu ni kutotazama nyuma: ongeza vyeti, tuma maombi, badilisha mazingira. Nikaacha kazi, nikakusanya vyeti vya kutosha kufunika ukuta, na nikapata nafasi kwenye hospitali nyingine. Bwana yule akaweka habari yangu kwenye matangazo yake. Sijui kama ameshaiondoa, lakini ningependa aiondoe.

Hospitali ya pili ilinitaka nikokotoe wastani wa siku ambazo mgonjwa hukaa wodini, ili uongozi upange idadi ya vitanda. Mfumo wao, kama ule wa kwanza, ulifunga mstari mmoja na kufungua mwingine kila mgonjwa alipohamishwa. Aliyepokelewa kitengo cha dharura, akapelekwa uangalizi maalumu, kisha akamalizia wodi ya kawaida, alionekana kwenye hifadhidata kama mistari mitatu yenye namba moja ya jalada, na kati ya saa ya kutoka mstari mmoja na saa ya kuingia mwingine zilipita dakika chache tu. Kwenye ripoti yangu ya kwanza uhamisho huo ulihesabiwa kuwa ni kulazwa upya. Kwenye ya pili, mgonjwa aliyekaa siku tisa aligeuka kuwa wagonjwa watatu wa siku tatu tatu. Ubaya ni kwamba safari hii kosa lilileta tarakimu tamu. Wastani ulishuka, nikasifiwa kikaoni, na mpango wa kupunguza vitanda ukaandaliwa juu ya hesabu yangu, hadi muuguzi kiongozi wa wodi alipoingia na rejesta yake ya karatasi, akaweka kidole kwenye safu ya vitanda, na kuuliza ni kitanda kipi hasa kilichokuwa kitupu mwezi huo. Hakikuwepo. Mkataba wangu haukuongezwa, na sikuwalaumu.

Kosa lilikuwa lilelile, nami nilihama nalo kwa sababu sikulijua. Nilipoondoka kazi ya kwanza, akaunti yangu ilifungwa siku hiyohiyo, na taarifa za wagonjwa haziruhusiwi kutoka na mtu, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Vyeti vyangu vyote havikuweza kunirudisha kwenye ile mistari. Katika kazi hii, mlango wa kulielewa anguko lako hufungwa siku unayokabidhi kitambulisho, kwa hiyo ustahimilivu wote unaousomea unapaswa kutumika kabla ya siku hiyo.

Hata wakubwa huangukia hapa. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilichelewa kuripoti watu 15,841 wenye virusi vya korona, kwa sababu majibu ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo halipokei zaidi ya mistari 65,536. Tiba ya dharura ilikuwa kuyagawa mafaili yawe madogo. Hakuna aliyehitaji cheti kipya. Ilitosha kujua mistari ilipotelea wapi.

Kwa hiyo, kabla akaunti yako haijafungwa, mfuate aliyeikataa ripoti yako na umwombe akutajie majalada anayoyabishia. Keti na mtunza kumbukumbu mfungue moja baada ya jingine. Kwenye ripoti za vifo, ningeanza na waliopewa rufaa kwenda hospitali nyingine na matokeo yao yakaachwa wazi, kisha waliofikishwa wakiwa wameshafariki, kisha nimuulize mtunza kumbukumbu kama nafasi iliyo wazi maana yake ni sifuri au ni kwamba hakuna aliyejaza. Ukishapata sababu, iandike kwenye ukurasa mmoja usio na jina wala namba ya mgonjwa, na uombe nafasi ya kuwasilisha upya kwenye kamati ileile iliyokuondoa. Wakikunyima, ukurasa huo utakufaa kwenye usaili wowote watakapokuuliza kuhusu kazi yako iliyoshindikana, swali ambalo mimi, pamoja na vyeti vyangu vyote, nililijibu kwa kukohoa.