B.B. King: kwa nini bado tunamlilia

Mkuu, umeuliza tunamlilia nini B.B. King, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, mpaka leo wakati mwenyewe alikiri kuwa ridhimu, yaani gitaa la kusindikiza, haiwezi, na kuimba huku anacharaza kulimshinda. Nakujibu kama mtu niliyekula kwa gitaa la solo kwenye bendi za dansi hapa Dar.

Sisi tumelelewa na rumba. Chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, likianza, mpiga solo hanyamazi. Ukiacha mwanya tu, kiongozi anakugeukia akidhani uzi umekatika. King alikwenda kinyume: anaimba mstari, anafunga mdomo, gitaa linamjibu kwa noti tatu nne, basi. Hizo noti chache ndizo zinazotutesa. Spidi unaweza kuifukuzia kwa mazoezi, lakini kujua wapi unyamaze ni shughuli nyingine.

Halafu ule mkono wa kushoto. Tazama video yake yoyote: kidole cha shahada kimebana uzi, dole gumba limeachia shingo ya gitaa, vidole vingine viko hewani, kiganja kizima kinatetemeka. Alikuwa akiutafuta mlio wa ndugu yake Bukka White, aliyekuwa akitelezesha chuma juu ya nyuzi. Chuma kilimkataa, akaja na mtetemo. Mimi nilipoanza kuuiga, gitaa lilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua.

Kisa cha Lucille, jina alilolipa gitaa lake, mnakijua: ukumbi wa Twist, Arkansas, 1949, wanaume wawili wakagombea mwanamke wa jina hilo, mafuta ya taa yakamwagika, jengo likashika moto, King akarudi ndani kufuata gitaa. Mimi kinachonishangaza zaidi ni maonyesho 342 aliyopiga mwaka 1956 peke yake. Aliyewahi kulala kwenye basi la bendi anaelewa. Kinshasa nako alifika, Septemba 1974, kwenye tamasha lililokuwa na Franco na TPOK Jazz pia.

Miaka ya mwisho alikuwa anakaa kitini, soga nyingi kuliko gitaa, na baadhi ya mashabiki walinung'unika. Siwalaumu, walilipa kiingilio. Lakini onyesho lake la mwisho, Chicago, Oktoba 2014, alikuwa na miaka 89!

Alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015. Kwetu ilikuwa Ijumaa tayari, tukifunga vyombo vya muziki baa kujiandaa kupiga, mpiga besi akaja na simu mkononi. Usiku ule tukaipiga The Thrill Is Gone, wimbo wake wa mapenzi yaliyokwisha, bila mazoezi. Wateja waliendelea na kitimoto yao, ila dada wa jikoni alitoka na mwiko wake kuuliza nani kaachwa.

Wewe anza na albamu yake Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago 1964. Usisikilize kwa spika ya simu. Fika pale kwenye wimbo How Blue Can You Get, King anapomwambia mwanamke kuwa yeye amempa watoto saba na sasa mwanamke huyo anataka kuwarudisha, usikie ukumbi unavyolipuka. Halafu njoo uniambie kama bado unahitaji ridhimu yake.