Fimbo, rili na mshipi wa jigi nyepesi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Ligula, Mtwara. Nimelipwa pesa za korosho na nimetenga laki nne za vifaa vya kuvua kwa jigi nyepesi, vile vipande vya risasi vyenye ndoana vinavyochezeshwa majini. Rafiki yangu ana ngalawa, tumekubaliana tuwe tunatoka nje ya Msanga Mkuu. Nilipokuwa Dar es Salaam dukani walinionyesha fimbo ya mita 2.4 na rili (kifaa cha kukunjia mshipi) namba 8000, wakasema ukiwa na kubwa unavua wote, wadogo na wakubwa. Kaka yangu naye anasema nijaze nailoni ya milimita 0.60 ili isikatike. Nifuate lipi?
Msomaji, Ligula

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mavuno. Laki nne zinatosha kuanza vizuri, ila si kwa vifaa ulivyoonyeshwa. Hivyo ni vya kazi nyingine, vya mtu anayesimama kwenye boti kubwa akirusha chambo kizito kumtafuta kolekole wa kilo 20 na kuendelea. Ukae navyo ngalawani, unanyanyua na kushusha kipande cha risasi cha gramu 40, ikifika saa tatu asubuhi mkono umekufa ganzi, na samaki akigusa hutamsikia.

Wengi huanzia kwenye fimbo kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mimi naanzia chini, kwenye maji. Mjomba wangu wa Mikindani, aliyenifundisha mshipi wa mkono nikiwa na miaka tisa, hakuwahi kugusa chubwi kabla ya kuuliza mambo mawili: pima ngapi, na maji yana nguvu gani. Pima yake ilikuwa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Kwenye jigi maswali ni yale yale.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hesabu gramu moja kwa kila mita ya kina, kisha ongeza kidogo. Mita 30, jigi ya gramu 40. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya mlangoni yanakimbia, na hiyo ya 40 itachukuliwa ubavuni bila kugusa chini. Hapo unataka 60 au 80, na zipo saa ambazo hata 80 haifiki. Usipigane nazo. Subiri maji yasimame kabla hayajageuka, au rudi siku za maji mafu. Kwa hiyo jigi zako ziwe za gramu 30, 40, 60 na 80, na fimbo yako iweze kuzicheza hizo.

Sasa mshipi, na hapa nakuomba usibane pesa. Kaka yako anasema kweli kwamba nailoni nene haikatiki ovyo, na kwa mshipi wa mkono mimi mwenyewe naitumia. Lakini nailoni inavutika. Ikielemewa hurefuka zaidi ya sehemu moja ya tano kabla ya kukatika. Ukiwa na mita 30 majini, ukinyanyua fimbo nusu mita, sehemu ya mnyanyuo huo inaliwa na mvutiko, na jigi kule chini inatikisika tu badala ya kucheza. Tena ule unene wa 0.60 unakamatwa na mkondo, mshipi unafanya tumbo kama tanga, na jigi inakuwa mbali na pale unapodhani ipo.

Nunua mshipi wa kusuka. Kwenye boksi utaona herufi PE, maana yake polyethylene, na namba. PE 1 una unene wa karibu milimita 0.165, PE 1.5 ni karibu 0.2. Kwa miamba yetu chukua 1.5, mita 300. Mita zote hizo ni kwa sababu kila safari utakata kipande kilichosuguliwa na matumbawe, na baada ya miezi michache utashangaa zimebaki ngapi. Ukiupata ule unaobadilika rangi kila mita 10, huo ndio wako: unashusha jigi huku ukihesabu rangi, nyekundu, bluu, kijani, na jigi ikitua unajua uko mita ngapi. Mjomba alihesabu kwa mikono, wewe utahesabu kwa macho.

Mbele ya mshipi wa kusuka funga lida, yaani kipande kinene cha mshipi wa mbele, ya flurokaboni (aina ya plastiki ngumu), milimita 0.45 hadi 0.50, urefu wa mita mbili au tatu. Huo wa kusuka ukigusa mwamba mara moja tu umekwisha; lida ndiyo inayosuguana.

Na neno moja kwa sababu umekulia pwani na mikono yako imezoea: usiuzungushie mkononi mshipi wa kusuka, hata siku moja. Kidole cha shahada cha mjomba kilikuwa na mfereji uliochimbwa na nailoni kwa miaka 40, lakini kilibaki kidole. Huu mwembamba samaki akivuta unaingia kwenye nyama kama wembe. Ukitaka kuuvuta, uviringe kwenye kipande cha mti.

Rili: namba 4000, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Zipo za ngoma zinazokaa juu, nazo ni nzuri sana kwa kazi hii, lakini zinataka dole gumba lililozoea, na wewe unaanza. Tafuta inayokusanya karibu mita moja kwa mzunguko mmoja wa mkono. Kisha breki. Hapo dukani legeza kofia ya breki, vuta mshipi kwa mkono polepole, kaza kidogo, vuta tena. Utoke laini kama mafuta. Ukitoka kwa kushtuka, unakwama na kuachia, iache hata kama inang'aa namna gani.

Breki naisisitiza kwa sababu iliniponyoka. Mwaka wangu wa kwanza na fimbo bado nilikuwa na akili ya mshipi wa mkono. Mkononi, breki ni vidole, vinaachia vyenyewe. Mimi nikaikaza rili mpaka mwisho. Ilikuwa asubuhi ya kaskazi, bahari imelala, tunaelea juu ya ukingo wa mwamba wa mita 35. Jigi ikagusa chini, nikainyanyua mara tatu, ya nne ikasimama. Halafu ikaondoka. Hakushuka shimoni kama chewa, alikimbia ubavuni, nikajua kolekole. Sikuwahi hata kuigusa kofia ya breki. Mlio ulikuwa kama kijiti kikavu kimevunjwa sikioni, na mshipi ukarudi unaelea juu ya maji, mwepesi, hauna kitu. Samaki yule alikwenda na ndoana mdomoni na risasi ikining'inia. Hadi leo naumia nikimkumbuka, kwa kuwa hakustahili kufa hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kushuka baharini fanya hivi nyumbani. Chukua dumu la lita tano, tia maji lita tatu. Lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji mizani. Funga ncha ya lida kwenye mkono wa dumu, ila usiupitishe mshipi kwenye pete za fimbo, maana ncha ya fimbo nyepesi haikutengenezwa kubeba dumu. Shika rili juu ya dumu, inua taratibu. Dumu likikataa kuacha ardhi huku mshipi unatoka, kaza. Likinyanyuka na ukilitikisa halishuki, legeza. Unataka linyanyuke, litulie, halafu ukilitikisa kidogo lianze kushuka polepole. Hizo kilo tatu ni karibu robo ya uwezo wa PE 1.5, na robo hiyo inamchosha samaki mkubwa kuliko unavyofikiri. Jioni ukirudi kaza breki ili maji yasiingie, mwagia rili maji baridi kidogo kidogo bila presha, ifute, kisha legeza breki kabisa, uitundike kivulini.

Fimbo imekuja mwisho na wala si ngumu kuichagua ukishajua yaliyotangulia. Soma maandishi juu ya kishikio: uzito wa jigi gramu 30 hadi 80 au 100, mshipi PE 1 hadi 2. Urefu mita 1.8 hadi 1.95. Ngalawani unakaa chini, matengo yako pande zote, tanga na kamba zake juu ya kichwa. Fimbo ya mita 2.4 utaigonga kila unapogeuka, na samaki akifika karibu utashindwa kumleta mkononi. Iwe ya kaboni, nyepesi, inayopinda kuanzia ncha mpaka kupita katikati. Fimbo ngumu kama mpini wa jembe haifai, inaing'oa ndoana mdomoni. Kabla ya kulipa, chukua kijipamba ukipitishe ndani ya kila pete. Kikiacha nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utakula mshipi wako wote. Ukiwa na samaki chini ya ngalawa, usiisimamishe fimbo wima. Fimbo nyingi nilizoona zimevunjika zilivunjikia hapo.

Mimi laki nne hizo ningezigawa hivi: rili laki na nusu, fimbo laki na ishirini, mshipi elfu sabini, zilizobaki lida na jigi. Kama fedha haitoshi, punguza kwenye fimbo.

Jambo la mwisho kwako: mkitaka kusogea Msimbati na Mnazi Bay, huko ni ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000. Piteni kwanza ofisi ya hifadhi mpate ruhusa.

SWALI: Assalamu alaikum kaka. Mimi ni mama, naishi Kitunda, Lindi. Mwanangu alipokwenda kusoma Dodoma aliniachia fimbo na rili. Mshipi wake wa nailoni ulikuwa umechoka, nikautoa wote, nikanunua wa kusuka na kujaza mwenyewe. Kushusha jigi hakuna shida, ila samaki akikamata nazungusha rili na mshipi hauji. Nimekaza breki mpaka mwisho, vile vile. Fundi mmoja anasema rili imekufa, ninunue nyingine. Tena jigi mbili zimenitoka, fundo la mshipi na lida linafumuka.
Mama wa Kitunda

JIBU: Waalaikumu salaam dada yangu. Usinunue rili. Naamini hiyo ni nzima.

Mshipi wa kusuka unateleza, hauna mshiko kwenye kigurudumu kama nailoni. Ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma kitupu, furushi zima la mshipi linazunguka juu ya kigurudumu huku breki yenyewe haijaguswa. Hakikisha hivi: weka nukta ya kalamu kwenye mshipi na nyingine kwenye ukingo wa kigurudumu, zitazamane. Kaza breki, mtu avute mshipi. Nukta ya mshipi ikihama na ya ukingo imebaki pale pale, tatizo umelipata.

Dawa yake ni jioni moja ya kazi. Toa mshipi wote uuviringe kwenye chupa. Funga kwanza nailoni nyembamba, ya 0.30 inatosha, zungusha mita kumi hivi ukiikaza kwelikweli. Unga mshipi wa kusuka kwenye nailoni, kisha uurudishe ukiwa umeubana kwa kitambaa kibichi ili ulale umekaza. Ukilala legelege, siku ya samaki unajichimbia wenyewe kwa wenyewe na kukwama. Acha milimita mbili kabla ya ukingo.

Fundo nalo ni utelezi ule ule. Fundo la kawaida la nailoni halitoshi. Laza mshipi na lida sambamba, ncha zikitazama pande tofauti. Kwa ncha ya mshipi tengeneza kitanzi, kisha izungushe ndani ya kitanzi hicho mara nane, ukizikumbatia nyuzi zote mbili, uvute. Kwa ncha ya lida fanya vivyo hivyo upande wa pili, mara nne zinatosha kwa kuwa ni nene. Lowanisha kwa mate. Fundo kavu linajiunguza likikazwa. Vuta pande mbili, mafundo yakutane na kubanana. Halafu lijaribu kwa nguvu zako zote, mshipi umeuviringa kwenye mti, pale pale ukumbini. Kama ni la kufumuka, lifumukie hapo na si juu ya changu wako.

SWALI: Mzee shikamoo, jigi ni ghali na miamba inazila. Nina betri bovu la gari, naweza kuyeyusha risasi nikamimina mwenyewe?
Kijana, Mikindani

JIBU: Marahaba. Hapana, mwanangu, na nakusihi. Ndani ya betri kuna tindikali, na moshi na vumbi la risasi vinaingia mwilini na kubaki, vinawaharibu watoto kuliko wakubwa. Hata ukiyeyushia uani, vumbi linashuka kwenye mchanga wanaochezea wadogo zako.

Punguza kupoteza. Toa ile ndoana ya meno matatu iliyo mkiani, ndiyo inayoshika matumbawe. Funga ndoana moja juu, upande wa mshipi, kwa kamba fupi. Samaki wengi hupiga kichwani mwa jigi hata hivyo. Jigi ikitua chini inyanyue mara moja, usiiache ilale. Ikikwama, usivute kutoka pale ulipo, utazidi kuididimiza. Legeza mshipi, pigeni kasia mvuke mpaka upande wa pili wa mwamba, kisha vuta kutoka huko ilikoingilia. Mara nyingi itaachia.