Kuingia Msikiti wa Süleymaniye, Istanbul, kwa asiye Mwislamu

Dada, umeuliza kama wewe Mkristo utaruhusiwa kuingia Süleymaniye, na uvae nini. Karibu kabisa, na hakuna kiingilio. Vaa gauni au suruali pana inayofika chini, mikono ifunikwe, na mtandio wa kichwani. Khanga yako moja inatosha. Viatu unavua kabla ya kukanyaga zulia.

Saa za swala watalii husubiri nje, na Ijumaa mchana usiende kabisa. Mimi napenda asubuhi, kabla ya adhuhuri.

Ukiwa ndani usikimbilie simu. Simama chini ya kuba, inua macho: ni mita 53 hivi kwenda juu, na msanifu majengo Mimar Sinan aliujenga msikiti huu kati ya 1550 na 1557 kwa amri ya Sultan Suleiman. Kisha geuka utazame upande wa mlango mkuu. Taa za mafuta zilikuwa nyingi mno, kwa hiyo Sinan aliuelekeza moshi kwenye chumba kilicho juu ya mlango huo, masizi yakakusanywa yakawa wino wa waandishi. Kila nikilikumbuka hilo nasisimka.

Usipite mbele ya anayeswali, wala usimpige picha.

Ukitoka, zunguka nyuma kwenye makaburi ya Suleiman na mkewe Hürrem, halafu uangalie Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kutoka uani. Njaa ikikushika, mkabala na msikiti wanauza maharage kwa wali, matamu sana.